Pesa za korosho na kamera: Bodi mpya, lenzi au nauli ya mashua?

KILA mwaka kati ya Oktoba na Januari, minada ya korosho ghafi inapopamba moto mkoani Lindi, fedha huingia katika akaunti za wakulima kwa mikupuo, na kwa muda mfupi miji kama Kilwa Masoko, Nangurukuru na Lindi yenyewe hupata wateja ambao miezi mitatu kabla yake hawakuonekana dukani. Mabati huondoka. Pikipiki huondoka. Magodoro, simu na saruji hupata wanunuzi wasiobishana sana bei. Wenye maduka wanaujua mwendo huo kama mabaharia wanavyoijua kusi na kaskazi, na huagiza mali Dar es Salaam kwa kuufuata.

Kamera haimo miongoni mwa mali zinazogombewa. Lakini katika wale wanaobakiwa na kitu baada ya kulipa ada, deni la duka na salfa ya msimu unaofuata, wapo ambao jicho lao huishia hapo: mwalimu mwenye ekari chache za mikorosho aliyorithi, karani wa chama cha msingi, mwenye duka la vipuri ambaye Jumapili huonekana ufukweni akipiga picha za ngalawa. Hawa si wapiga picha wa kazi. Ni watu wa shughuli nyingine wenye mapenzi na picha, na swali lao ni la kibiashara kuliko wanavyodhani: fedha ya ziada ikipatikana, iwekwe wapi ndani ya mapenzi hayo ili isiyeyuke?

Chukua mfano wa mtu aliyebakiwa na Sh 2,000,000 baada ya kila mdai kulipwa. Anayo tayari kamera ya kiasi, pengine ya mitumba, na lenzi ile iliyokuja nayo dukani. Ushauri atakaoupata kwa rafiki zake karibu wote utakuwa mmoja: uza hiyo, ongeza, nunua mpya. Ndio ushauri mbaya kuliko wote, na wenye kuutoa mara nyingi ni wale wanaotaka kuinunua ile ya zamani kwa bei ya kutupa.

Kwanza ifahamike fedha yenyewe ni ya namna gani. Fedha ya korosho si mshahara. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa zao hilo katika msimu wa 2007/2008, mkulima hukabidhi mzigo ghalani na kusubiri mnada, na bei ya mnada haimwulizi mtu mipango yake. Msimu wa 2017/2018 bei ilipita Sh 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata wanunuzi walitoa bei za chini, minada ikasimama, na Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo; jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo, na wakulima wengi wakakaa miezi wakingoja uhakiki na malipo. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa msimu ulivuka tena Sh 4,000. Mtu anayepata fedha zake kwa mwendo huo wa kupanda na kushuka hana sababu ya kuzifunga kwenye chombo ambacho thamani yake inakwenda upande mmoja tu, yaani chini.

Uchakavu wa bodi

Bodi ya kamera za sasa ni kompyuta yenye tundu la lenzi, na huzeeka kama kompyuta. Mwaka 2003 kampuni ya Canon ilitoa bodi ya kwanza ya kidijitali ya kubadilisha lenzi iliyouzwa chini ya dola 1,000 za Marekani. Bei yake ilikuwa dola 899. Leo ni pambo la kabati. Mwaka 2008 kampuni hiyo hiyo ikatoa 5D Mark II kwa dola 2,699. Kwa kiwango cha mwaka huo, dola moja ikiwa karibu na Sh 1,200, mnunuzi wa Tanzania alihitaji zaidi ya Sh milioni 3.2 kabla ya usafiri na ushuru. Bodi hiyo bado inapiga picha nzuri sana, wapiga picha wa harusi wa Afrika Mashariki waliitumia kwa miaka na wengine hawajaiacha, lakini aliyeinunua mpya hawezi kupata kwa mnunuzi wa leo hata robo ya dola zake.

Kilichofanya bei za vifaa vya zamani kuporomoka zaidi ni uamuzi wa watengenezaji wenyewe. Mwaka 2018 Nikon na Canon, kwa kufuatana ndani ya wiki chache, walitoa kamera zisizo na kioo ndani, zenye mdomo mpya wa lenzi. Nikon ilikuwa imeutumia mdomo wake wa zamani tangu 1959. Canon wake tangu 1987. Wapiga picha wa Ulaya, Marekani na Ghuba walipoanza kuhamia kwenye aina mpya, za zamani zikamwagika kwenye masoko ya mitumba.

Soko lenyewe la kamera limesinyaa kuliko masoko mengi anayoyajua mfanyabiashara wa kawaida. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walisafirisha kamera za kidijitali zipatazo milioni 121. Mwaka 2022 zilikuwa milioni 8 hivi. Simu ndiyo iliyokula tofauti hiyo. Na kabla ya simu, kamera ya kidijitali ilikuwa imekwisha kuumeza mkanda: Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson aliunda kamera ya kidijitali mwaka 1975, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012.

Kwa mnunuzi mdogo wa Kilwa hali hiyo ni neema, ilimradi awe upande wa kununua na si wa kuuza. Anayeingia sasa kununua bodi ya mitumba ya kizazi kilichopita anaikuta ikiwa imeshashuka sehemu kubwa ya mteremko wake. Anayenunua mpya ndiye anayemlipia mwenzake mteremko huo.

Bodi ya mitumba inunuliwe kama gari la mitumba. Gari lina kilomita. Kamera ina idadi ya mibonyezo. Pazia la 5D Mark II, kwa mfano, lilikadiriwa na mtengenezaji kudumu mibonyezo 150,000. Mpiga picha wa harusi anaweza kupiga 2,000 kwa usiku mmoja, na harusi 50 kwa mwaka ni mibonyezo 100,000. Bodi inayong'aa kwa nje, imefutwa vizuri na kuwekewa mkanda mpya wa shingoni, yaweza kuwa imechoka kuliko ile iliyochubuka mikononi mwa mtalii. Zipo programu za kompyuta zinazosoma idadi hiyo kwa bodi nyingi, na dalali asiyekubali isomwe ameshajibu swali.

Dola na shilingi

Lenzi ni habari tofauti. Kioo hakina programu ya kuzeeka. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo Canon iliitoa upya mwaka 2015 kwa bei ya karibu dola 125, ndiyo inayopendekezwa kwa mwanzilishi karibu kila mahali duniani, na kwa sababu wanaoitaka hawaishi, anayeiuza hakosi mnunuzi. Lenzi za zamani za Canon hufanya kazi pia kwenye bodi mpya kwa kutumia kiungio. Kwa Nikon kuna tahadhari: zile za zamani zisizo na mota ndani yake, zikiwekwa kwenye bodi mpya kwa kiungio cha kampuni, hulazimu kulenga kwa mkono.

Hata hivyo wafanyabiashara wasidanganyike na hesabu ya shilingi. Tuseme mtu alinunua lenzi mwaka 2008 kwa dola 100, yaani Sh 120,000 za wakati huo. Mwaka 2024, dola ilipokuwa imevuka Sh 2,600, akaiuza kwa dola 60 na kupokea Sh 156,000. Ataondoka akitamba kwamba kaitumia lenzi miaka 16 na bado kapata faida ya Sh 36,000. Hajapata. Akirudi dukani na Sh 156,000 hiyo kutafuta lenzi mpya ya dola 125, ataambiwa bei ni Sh 325,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 1995 dola moja ilikuwa karibu Sh 575. Kila kifaa cha kamera hununuliwa kwa dola hata pale karatasi ya bei inapoandikwa kwa shilingi, na ndiyo sababu bei za Kariakoo hupanda bila bidhaa kubadilika. Lenzi hupoteza polepole. Hilo ndilo sifa yake, wala asipewe nyingine.

Kwa Pwani ya Lindi kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya bei yoyote, nayo ni kuvu. Joto la pwani na unyevu wake ni chakula cha ukungu, na ukungu hupenda kioo kilichofungiwa gizani. Lenzi iliyowekwa katika mkoba wa ngozi kabatini tangu masika hadi Agosti yaweza kutoka na utando kama wa buibui kati ya vioo vyake. Picha hupoteza makali, na bei ya kuuzia hupotea pamoja nayo. Fundi wa kufungua na kusafisha vioo hapatikani kila mji. Kabla ya kununua lenzi ya mitumba, hasa iliyokaa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, imulikwe kwa tochi kutoka upande wa nyuma.

Kinga yake ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Kopo la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana, vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu ambazo zikilowa hukaushwa kwa moto mdogo na kutumika tena, na desturi ya kuitoa lenzi nje mara kwa mara ikapata hewa na mwanga. Chumvi ya bahari hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo, si kesho yake. Lenzi haibadilishwi ufukweni upepo ukivuma. Mwenye kutumia Sh 30,000 kwa mambo haya anailinda mali ya Sh 500,000, na hakuna kitega uchumi kingine katika ukurasa huu chenye uwiano kama huo.

Nauli

Sasa lije lile ambalo wapenzi wengi wa kamera huliweka mwisho, na ambalo lingestahili kuwa la kwanza.

Mkazi wa Kilwa ana kitu ambacho mwenye kamera ya dola 3,000 jijini hana: yupo Kilwa. Ng'ambo ya maji kutoka Kilwa Masoko, umbali wa dakika chache kwa boti ya mashine, upo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta alifika katika mji huo mwaka 1331. Ipo Husuni Kubwa juu ya jabali lake. Ipo Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505. Kusini zaidi upo Songo Mnara wenye nyumba na misikiti ndani ya mikoko. UNESCO iliviingiza visiwa hivyo viwili katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikavitia katika orodha ya hatari mwaka 2004 kwa sababu ya mmomonyoko na kubomoka, na kuvitoa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati.

Mgeni huyaona hayo mara moja, saa 5 mchana, jua likiwa utosini na kuta zote zikiwa nyeupe kama chokaa. Amelipa ndege, hoteli na mwongozaji, na anarudi na picha ambayo kila mtu anayo. Mwenyeji aweza kwenda mara sita kwa mwaka, kwa nauli ya kuchangia na wavuvi au wanakijiji, akakuta siku moja tu ambayo mawingu ya mwisho wa masika yamefungua upande wa mashariki saa 12 na nusu asubuhi na mwanga unaingia chini ya matao ya msikiti kwa ubavu. Siku hiyo haitegemei megapikseli. Inategemea kwamba alikwenda mara sita.

Gharama zake zipangwe kama mfanyabiashara anavyopanga safari ya kufuata mali. Kibali cha kuingia magofu hutolewa Kilwa Masoko, ambako usimamizi wa vivutio hivyo uko chini ya TAWA, na raia hulipa kiwango chake, chini ya cha mgeni. Mashua hukodiwa kwa siku au kwa safari, na bei ya siku ndiyo ya kupigania, kwa sababu nahodha anayelipwa kwa safari atataka kurudi wakati mwanga unaanza kupendeza. Usiku mmoja Masoko ni gharama. Kuukosa usiku huo ni kupanda boti saa 3 asubuhi, yaani baada ya mwanga kwisha.

Ndege nyuki zinawavutia sana vijana, na picha za Kilwa kutoka juu kweli zinapendeza. Lakini kurusha bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni kosa, na kibali kina mlolongo wake. Kwa Sh 2,000,000 ndege hiyo ingekula fedha yote na kukaa sandukuni ikisubiri karatasi. Kadhalika mitambo ya gesi ya Songo Songo, iliyoanza kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2004, si mandhari ya kujifunzia lenzi ndefu. Mlinzi hatauliza kama ni kwa kujifurahisha.

Kuwapo mahali kuna bei yake sokoni pia. Mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika maeneo ya Somanga, mabasi na malori ya mizigo yalikwama pande zote mbili. Picha zilizotembea nchi nzima siku zile zilipigwa na watu waliokuwa pale, wengi wao kwa simu. Wenye vifaa vya fahari walikuwa ng'ambo ya maji.

Harusi si njia ya mkato

Wapo watakaosema kamera ijilipe yenyewe kwa kazi za harusi. Soko hilo lipo, na linafuata kalenda mbili: ya mavuno na ya mwezi. Fedha za korosho na ufuta huleta harusi. Ramadhani huzisimamisha, na Shawwal huzifungua tena. Lakini mwenye mapenzi ya picha ajue anaingia kwenye biashara iliyo na wenyewe. Mteja wa harusi hanunui picha nzuri, ananunua uhakika. Kamera moja ikizima katikati ya ndoa hakuna ndoa ya pili, kwa hiyo mpiga picha wa kazi hubeba bodi mbili, betri nne na taa mbili. Huo ni mtaji mwingine kabisa, bila kuhesabu TIN na leseni ya halmashauri.

Pengo lililo wazi katika soko hilo ni moja, na wanaume hawawezi kuliziba. Sherehe za upande wa wanawake Pwani zinahitaji mpiga picha mwanamke, na walio hodari ni wachache kuliko mahitaji. Dada au shangazi mwenye kamera ya kiasi, taa moja nzuri na sifa ya kutunza siri, anaweza kufanya kazi ambayo mwanaume mwenye vifaa mara tatu ya vyake hataruhusiwa kuipigia hodi. Kuna mambo ya ndani, ya singo na ya unyago, ambayo hayapigwi picha na yeyote, na mwenye akili haombi.

Picha zikae wapi

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mkanda wa picha 36 uliopigwa Lindi ulivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu kwenda kusafishwa Dar es Salaam, na masika ikiharibu barabara picha zilisubiri pamoja na abiria. Kila mbonyezo ulikuwa gharama, na watu walibonyeza kwa hesabu. Walichobakiwa nacho ni karatasi ndani ya sanduku. Leo kubonyeza ni bure, na kilichobaki mara nyingi hakipo: simu imeanguka baharini, memori kadi imesoma vibaya, kompyuta imeibwa.

Mfano wa biashara ya kutunza upo Zanzibar. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930. Negativu za studio hiyo zilitunzwa katika familia, na miongo mingi baadaye picha za sultani, za bandari na za mitaa ziliendelea kuchapwa na kuuzwa kwa wageni waliokuwa hawajazaliwa zilipopigwa. Kamera zilizozipiga zimekwisha thamani zamani. Negativu ndizo zilizokuwa mtaji.

Upande wa bara mambo yalikwenda vingine. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha katika koloni hili kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ameacha mkusanyiko ulioko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, na picha zake nyingi zilifunguliwa kwa umma mwaka 2008. Picha za uchimbaji wa mifupa ya Tendaguru, nyuma ya mji wa Lindi, kati ya 1909 na 1913, ziko Berlin pamoja na mifupa yenyewe. Mtu wa Lindi anayetaka kumwona mpagazi wa enzi zile anawaomba Wajerumani.

Na jambo hilo halijaisha. Kilwa Kivinje, mji uliokuwa na biashara kabla Masoko haijawa kitu, una boma la Kijerumani na nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zenye milango ya kuchongwa ambazo kila masika huangusha kipande. Pwani ya Kilwa Masoko ilibadilika sura tangu kazi ya bandari ya uvuvi ianze. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Septemba 2023, na aliyepiga picha ufuko ule mwaka 2020 ana kitu ambacho hakuna duka linaloweza kumuuzia mwenzake. Bado wazee waliokata mkonge na kuvuka Ndundu kwa pantoni wako hai, na katika familia nyingi picha pekee ya babu ni ile ndogo ya kitambulisho.

Kwa hesabu hiyo, diski mbili za nje, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu mji mwingine, ni matumizi ya lazima kabla ya lenzi. Uchapaji nao upewe fungu lake. Picha 40 kubwa kwa mwaka, zilizochapwa kwenye karatasi nzuri na kuandikwa nyuma jina, mahali na tarehe kwa kalamu ya risasi, hazihitaji umeme wala neno la siri. Nakala moja akipewa mwenye sura yake, mlango wa nyumba hiyo hautafungwa tena kwa mpiga picha.

Ile Sh 2,000,000 basi ingegawanyika hivi, kwa mtu mwenye bodi inayofanya kazi: nusu yake ni ya safari za mwaka mzima, na isikae mfukoni wala kwenye simu, kwani Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS huitunza kwa faida kidogo na kuitoa ndani ya siku chache. Nusu ya pili inunue lenzi moja ya mitumba iliyomulikwa kwa tochi, diski mbili, kopo la kuhifadhia na miguu mitatu imara ya kusimamishia kamera, maana ndani ya Msikiti Mkuu mwanga ni mdogo na mkono hutetemeka. Kinachobaki ni cha uchapaji. Bodi mpya haipati senti. Asiye na kamera kabisa ahesabu vingine: bodi ya mitumba kwanza, safari zipungue ziwe mbili.

Safari ya kwanza iwekwe kati ya Juni na Septemba, ambapo kusi imekausha anga, na kwa wenye ufuta fedha za minada ya katikati ya mwaka zimeshaanza kulipwa. Tarehe ichaguliwe kwa mwezi. Wakati wa bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji pwani hii hujaa takriban saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kukauka saa 4 asubuhi, tofauti kati ya kujaa na kupwa ikizidi mita 3. Anayekwenda Songo Mnara alfajiri ya bamvu atafika maji yakitoka, atatembea ndani ya mikoko kwa miguu akiwa na kamera kichwani, na boti haitaweza kumfuata hadi mchana umeegemea. Ndipo inapofaa kuwa imelipwa kwa siku nzima.